Daktari wa Cherehani Ana Nyumba Mbili

Siku pengo lilipoanza, Mshonaji alikuwa akipachika kola kwenye shati la mtoto wa shule. Simu ikatoa mlio, akaitazama, akaona ni ujumbe wa kaka yake kutoka wodini: "Dada, neno la siri liko kwa wifi. Nikichelewa kutoka, wajibu watu."

Akacheka peke yake. Kaka mtu kaenda kupimwa kifua, kalazwa, na hata pale kitandani anawaza cherehani za watu! Akamaliza kola, akaanza kifungo. Kabla hajakata uzi simu ikalia tena, na safari hii aliyezungumza alikuwa muuguzi.

Shati lile halikupata vifungo vyake vilivyobaki. Lilichukuliwa hivyo hivyo.

Wiki iliyopita tulimwacha Mshonaji katikati ya chumba chake cha kazi, simu ya marehemu mkononi, macho yamemtoka pima. Wewe uliyekosa gazeti, sogea nikudokeze upesi, maana mambo yanakwenda mbio.

Kaka yake alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Mtaani walimwita Daktari, na kwenye mitandao akajiita Daktari wa Cherehani. Mtu yeyote, popote alipo, akilalamika kwamba cherehani yake inakata uzi au inaruka mishono, Daktari alimwuliza: "Mgonjwa wako ana nini?" Kisha alijirekodi akizungusha gurudumu la cherehani nzima karibu na simu. "Sikia. Hiyo ni afya." Akahamia kwenye mbovu. "Sikia. Hiyo ni homa." Washonaji wa nchi nyingi walijifunza kazi kwa masikio yao, kwa sauti ya yule bwana.

Simu yake ikabaki kwa dada mtu. Tangu maziko amekuwa akijibu yeye, kwa jina la kaka, kama alivyoagizwa. Mtu akiandika, "Daktari, upo?" yeye anaandika, "Nipo." Huko mitandaoni hakuna aliyejua. Na kila alipoandika nipo, kwa muda mfupi kama wa kutunga uzi, kaka yake alikuwepo.

Mpaka kioo kilipowaka kwa maneno haya, jina lilelile, picha ileile ya kaka yake na bisibisi sikioni:

"Mimi ndiye Daktari wa Cherehani. Nimehamia huku Uwanjani. Yule wa Karakana ni mwizi. Msimjibu."

Mshonaji hakufunga hata mlango. Alivuta pazia, akatoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mzee Kopi, mwenye duka la kutolea nakala pale mtaani, alikuwa akimtolea mteja nakala za cheti.

"Mzee, nimeibiwa kaka!"

"Kaka yako tulimzika, mwanangu."

"Jina lake! Nimeibiwa jina!"

"Aa." Akampa mteja karatasi zake, akafuta mikono kwenye suruali. "Hilo ndilo linaloibwa siku hizi. Pita ndani."

Ndani ni chumba cha nyuma chenye rimu za karatasi mpaka darini, na feni iliyotazamana na mashine nyeusi inayovuma kama nyuki waliokasirishwa. Hiyo mashine ndiyo Karakana. Usishangae, msomaji. Kuna mitandao ya mabwana wakubwa, na kuna hii ya watu wadogo. Mzee Kopi aliweka mashine yake, mafundi wakafungua majina yao humo. Mtu mwingine, mbali huko, aliweka ya kwake akaiita Uwanjani. Ziko nyingi, hazina makao makuu, zinapitishiana habari kama majirani wanaosalimiana dirishani. Wa Karakana anaongea na wa Uwanjani bila shida. Ila kila nyumba ina mlango wake na mwenye mlango wake.

"Mfukuze," alisema Mshonaji.

"Nimfukuze kutoka wapi? Kule si kwangu."

"Basi mpigie mkubwa wao wote."

"Hayupo."

"Haiwezekani. Kila kitu kina mkubwa."

"Hiki hakina. Ndiyo raha yake, na leo ndiyo karaha yake." Mzee alikuwa amesogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha kompyuta. "Huyu mtu si mjinga. Tazama alichoandika mlangoni kwake. Yule wa Karakana alikuwa mimi."

"Muongo mkubwa!"

"Tulia usikie. Mtu akitaka kuhama na jina lake, nyumba zote mbili lazima ziseme. Mpya inasema, yule alikuwa mimi. Ya zamani inasema, nimehamia kwa yule. Zikionyeshana vidole, basi, wafuasi wote wanahama kwa mkupuo. Moja ikisema peke yake, ni kelele."

"Na yeye ameshasema yake."

"Ameshasema. Anakungoja wewe."

"Atangoja mpaka aote nyasi kichwani!"

"Usijigambe, mwanangu." Mzee Kopi akavuta kigoda, jambo ambalo hulifanya akiwa na habari mbaya. "Kesho jioni naizima hii mashine."

Mshonaji alishika futi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayening'inia.

"Mwenye nyumba anataka chumba chake. Na haya macho yangu unayaona. Niliwaandikia wote, wamehama zamani. Kaka yako nilimwandikia kwa barua pepe, nikidhani mnaisoma."

"Barua pepe yake imefungwa!"

"Nami nimejua sasa hivi."

"Ukizima, kaka anakuwaje?"

"Anakuwa hayupo. Kesho kutwa mtu akimtafuta Daktari wa Cherehani atamkuta mmoja tu. Yule pale."

"Basi nimhamishe leo! Popote! Simu yake si ninayo hapa?"

"Simu inakuruhusu kujibu. Kuhama kunataka neno la siri. Hakukuachia?"

"Aliniachia. Ndicho kinachoniua, mzee. Ameniambia lilipo, nami nimelikosa. Aliandika liko kwa wifi. Kile kidude cha wifi nimekigeuza juu chini. Namba zote za tumboni mwake nimezijaribu. Nikaita fundi akakifungua."

"Akakuta nini?"

"Mende."

Mzee Kopi akanyoosha mkono. "Hebu nione huo ujumbe."

Akausoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akausoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mzee, unalia?"

"Mwanangu. Wewe una wifi?"

"Si ndiyo ninayokwambia? Iko ukutani, ina taa ya kijani."

"Sisemi ya ukutani. Wifi, mtu! Mke wa kaka yako!"

Feni ikazunguka. Mashine ikavuma.

"Angetaka kusema kidude angesema kwenye wifi," alisema mzee, akijifuta machozi ya kicheko. "Kasema kwa wifi. Kiswahili kamili kabisa. Wewe ukaenda kuhoji mende."

Mshonaji hakucheka. Alikaa juu ya rimu za karatasi.

"Kwake siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Siku ya maziko nilimwambia neno."

"Neno gani?"

"Nilimwambia, ungemwahisha hospitali tungekuwa tunamuuguza, tusingekuwa tunamzika."

Mzee Kopi akaacha kucheka. Akavaa miwani taratibu.

"Watu wakisikia?"

"Wakasikia watu."

"Basi wahi," alisema. "Maji hayo huyazoi ukiwa umekaa hapa."

*

Wifi mtu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kioo kirefu ukutani, rafu ya mafuta na rasta za kila rangi. Kitini alikaa mwalimu wa watoto wadogo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama iliyopigwa na radi.

Msusi hakugeuka. Alimwona mgeni wake kwenye kioo.

"Karibu, wifi. Umekuja kusuka au kusutana?"

"Nimekuja kuomba."

"Mwalimu, umesikia? Hebu chungulia nje unitazamie jua limetokea upande gani."

"Mimi simo," alisema mwalimu, huku akikaa sawasawa ili asipitwe na neno.

Mshonaji alikuwa amepanga hotuba njia nzima. Yote ikamtoroka. "Wifi, kuna mwizi. Ameiba jina la kaka, yuko Uwanjani, anajifanya ni yeye. Karakana inazimwa kesho. Neno la siri unalo wewe. Nipe nimhamishe kaka mahali salama kabla yule mshenzi hajammeza."

Vidole vya msusi vikasimama.

"Mshenzi?"

"Mshenzi, tena mlaaniwa. Mla maiti!"

"Endelea."

"Mchawi!"

"Umemaliza? Mwalimu, nishikie hii rasta." Akageuka, mikono kiunoni. "Mshenzi mwenyewe ndiye mimi."

Gari lilipita nje likipiga honi. Ndani hapakuwa na aliyelisikia.

"Wewe?"

"Mimi. Nimefungua ile nyumba kwa vidole hivi. Na mwizi ni yule mwanaharamu aliyeiba simu ya mume wangu wodini, chini ya mto, mwili haujapoa, akaanza kujifanya..."

Mshonaji akaingiza mkono mfukoni. Akaitoa simu, akaiweka juu ya meza, kati ya vitana.

Msusi aliitazama kama mtu aliyeona nyoka.

"Haikuibwa," alisema Mshonaji. "Ilikuwa inalia. Nikaichukua."

"Ukaichukua, ukanyamaza."

"Nilidhani unajua ninayo!"

"Nijulie wapi? Kwani tunaongea?"

"Hilo ni kweli," alisema mwalimu. "Hamuongei."

"Mwalimu, wewe si ulisema humo?"

"Simo. Nashika rasta tu."

Msusi akasogea hatua moja. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilikuwa afadhali ilipokuwa juu.

"Kwa hiyo anayejibu watu ni wewe."

"Ni mimi."

"Mgonjwa wako ana nini. Ni wewe."

"Ni mimi, wifi. Aliniambia niwajibu watu."

"Unajua siku nilipoyaona yale maneno nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nafua. Simu ikalia, nikatazama, jina lake. Anauliza, mgonjwa wako ana nini. Sikuwaza. Nikafuta povu, nikavaa viatu. Nikafika mlangoni na mkoba begani. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mahali pa kwenda kumchukua."

Mwalimu aliinamisha kichwa chake cha nusu.

"Nikarudi nikasoma mpaka mwisho," aliendelea msusi. "Nikakuta, tafadhali tia mafuta kidogo. Tafadhali! Nikajua si yeye. Yule bwana na tafadhali walikutana wapi? Nimekaa naye ndoa nzima, hata chumvi hakuiomba. Alikuwa anaitaja tu. Chumvi! Basi, ujue inatakiwa."

Mshonaji akaangua kicheko kabla hajakizuia, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nikasema, huyu ni mwizi, tena mwizi aliyelelewa vizuri. Neno la siri ninalo, ila bila simu yake Karakana haikunifungulia. Nikafungua nyumba nyingine kwa jina lake, niwatoe watu mikononi mwake. Kumbe nawatoa mikononi mwako."

Unaona, msomaji? Mtu mmoja, aliyekwisha kulala kaburini, alikuwa na nyumba mbili, na kila nyumba ina mwanamke mlangoni anayemwita mwenzake mwizi. Wazee wetu waliowahi kuamua kesi za nyumba mbili hawakuikuta hii.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kupata pumzi.

"Basi kumbe ni rahisi. Wewe umeshasema yule alikuwa mimi. Imebaki nami niseme nimehamia kwa yule. Mzee Kopi amenieleza. Andika neno, nibonyeze, watu wahamie kwako, kaka apone."

"Siandiki."

"Wifi!"

"Nitaliandika, ila kuna jambo kwanza. Lile neno nililitunga mimi siku tuliyofungua jina lake, maana mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya mashine, akaogopa kuchafua simu mpya. Kwa hiyo hulioni. Nitaliandika kwa mkono wangu. Lakini kabla ya hapo uwaambie."

"Niwaambie akina nani?"

"Watu wake. Uwaambie amekufa."

Mshonaji akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu, chupa zikagongana.

"Nikiwaambia wataondoka."

"Waondoke."

"Jina litabaki tupu! Tutakuwa tumehamisha nini sasa?"

"Wifi, nisikilize. Mimi ni mjane wa mtu anayeandika nipo kila siku. Asubuhi watu wananipa pole. Jioni mume wangu anamfundisha mtu kufunga mkanda wa cherehani. Nikianza kulia, namuona anajibu. Nikianza kuzoea, namuona anajibu. Hebu niambie wewe. Mimi nitalia lini?"

Mshonaji akavuta kiti cha plastiki. Akaichukua simu. Vidole vyake, ambavyo hutunga uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama, vikawa vinagonga herufi ambazo hakuzitaka. Akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

Mwalimu akachungulia begani. "Nimefariki," alisoma kwa sauti. "Dada, maiti haiandiki."

"Jina ni lake! Anayesema hapa ni yeye. Nikiandika amefariki, itakuwa yeye anamsema nani?"

"Kweli hiyo," alisema mwalimu. "Sarufi ngumu."

Akafuta. Akaandika, Daktari wa Cherehani amefariki.

"Nani anasema?" aliuliza msusi.

"Mimi."

"Wewe nani? Wakujue. Umewajibu siku zote hizi, wana haki ya kukujua."

Kwa mara ya kwanza tangu aishike simu ile, Mshonaji alikaa mbele yake akiwa yeye mwenyewe, na hakujua aanzie wapi. Alikuwa amezoea kuwa kaka yake. Futi ilimteleza shingoni ikaanguka sakafuni kwenye nywele zilizokatwa, asiiokote.

Mwishowe akaandika hivi:

"Aliyekuwa akiwajibu hapa amefariki. Ni kaka yangu. Tangu siku ile nimekuwa nikijibu mimi, mshonaji, dada yake, naye alinifundisha yote ninayoyajua. Yule wa Uwanjani si mwizi. Ni mke wake."

"Ondoa hiyo si mwizi," alisema mwalimu. "Inafanya watu wawaze wizi."

"Iache," alisema msusi. "Nimeipenda."

Kidole kikaelea juu ya kitufe. Kikaelea. Mshonaji akafumba macho, akabonyeza.

Msusi hakusema ahsante. Alichukua simu, akaipa kisogo saluni yote, akakinga kioo kwa kiganja kama anayekinga njiti ya kiberiti isizimwe na upepo. Akaandika neno lile taratibu, midomo ikitembea. Alipomaliza alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akarudisha.

Simu ikauliza: Unahamia kwa yule. Una hakika?

"Yule ni wewe," alisema Mshonaji.

"Yule ni yeye," alisema msusi. "Mimi namshikia tu. Bonyeza."

Akabonyeza.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu simu ya msusi, iliyokuwa imelala kwenye rafu ya mafuta, ikatetemeka, ikatetemeka tena, ikaanza kutambaa yenyewe kuelekea ukingoni mpaka mwalimu akaidaka. Watu walikuwa wanahama. Mmoja, watatu, kundi, makundi. Hakuna aliyeondoka. Ama kama wapo, walizidiwa na waliokuja.

"Poleni," aliandika mmoja. Mwingine akaandika: "Cherehani yangu aliitibu yeye nikiwa na mimba ya kwanza. Leo sishoni." Mwingine: "Dada mtu, kumbe ni wewe uliyeniambia nibadilishe sindano? Ilikuwa sahihi." Na mwingine, maana hakosi, akaandika: "Poleni sana. Sasa mkanda wangu unaoteleza nani atanijibu?"

"Mjibu," alisema msusi, akimsukumia simu.

"Kwa jina la nani?"

"Jina ni hilohilo moja. Mwishoni andika dada. Nikijibu mimi nitaandika mke. Wasichanganye."

"Wewe utajibu nini? Unajua mkanda wewe?"

"Nimelala na mikanda kitandani, wifi. Alikuwa anaikausha chini ya godoro."

Mwalimu akacheka mpaka rasta ikamponyoka. Mshonaji naye akacheka. Msusi akashikilia kwa muda, kisha yakamshinda, akacheka huku machozi yanamtoka bila kujificha, na safari hii hakuna jina lililowaka kumkatiza.

Hapo simu ya Mshonaji ikalia. Mzee Kopi.

"Nimeona, mwanangu! Wamepita wote, hakuna aliyenasa mlangoni. Umefanya la maana. Na zile sauti nazo umezipakua zote?"

"Sauti zipi, mzee?"

"Za kaka yako. Sikia hiyo ni afya, sikia hiyo ni homa. Ulizipakua kabla hujabonyeza, siyo?"

Mshonaji akaitazama simu ya msusi. Nyumba ya Uwanjani ilikuwa imejaa watu. Akateremka nayo chini, chini zaidi, akitafuta. Akakuta tangazo la wifi yake, salamu za pole, na baada ya hapo ukuta mweupe.

"Si zimehama naye?"

Upande wa pili kigoda kikavutwa. Sauti ya feni ikasikika.

"Mwanangu. Watu wanahama. Maneno hayahami."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia wafuasi wanahama. Nilidhani unajua mengine yanabaki. Kila fundi wa humu alipakua yake kwanza, ndipo akahama."

"Basi nipakue sasa hivi!"

"Ukishahama nyumba inajifunga. Imetengenezwa hivyo ili aliyebaki nyuma asichezee. Yaliyomo yanasikika, lakini hayatoki."

Msusi alikuwa amesogeza sikio. "Tuyasikilize basi tukiyarekodi kwa simu nyingine," alisema.

"Nani huyo? Wifi yako? Mpe pole, mpe na hongera. Mwambie ni miaka ya sauti. Mkikaa kuanzia sasa mpaka kesho jioni bila kulala, hamfikishi hata robo."

"Usizime, mzee," alisema Mshonaji. "Nakuomba. Wiki moja tu."

"Chumba si changu tena. Fundi umeme anakuja kesho jioni kukata waya, iwe mimi nimezima au sijazima."

Msusi akachukua simu kutoka sikioni mwa wifi yake.

"Shikamoo, mzee. Hiyo mashine ina uzito gani?"

"Marahaba. Wa nini?"

"Nauliza tu. Wanawake wawili wanaibeba?"

"Wanaibeba," alisema Mzee Kopi. "Ila hawatoki nayo. Humo hayumo kaka yenu peke yake. Wamo watu, na barua za siri walizoandikiana, wakiniamini mimi. Wengine nao wamekufa. Sijawahi kumfungulia mtu mlango wa mwenzake na sitaanza siku ya mwisho."

Akakata.

Msusi akafungua aproni yake mgongoni, akaivutia juu kichwani, akaitupa kitini.

"Mwalimu, kesho tutamalizia."

"Na kichwa hiki nitatokaje?"

"Chukua kitambaa pale. Wifi, okota futi yako, twende."

"Amekataa, wifi. Umemsikia."

"Nimemsikia. Nataka anikatalie nikiwa mbele yake."

Sauti zote za Daktari wa Cherehani zimo ndani ya mashine moja nyeusi, chumba cha nyuma cha Mzee Kopi. Mzee amesema haitoki. Mawifi wawili wako barabarani wanakwenda kwake, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo, na umeme unakatwa kesho jioni. Tukutane wiki ijayo, msomaji.